Uwakili wa Namba 21: Nani Aisemee Historia ya Pittsburgh Pirates?

Mwezi Aprili 1955 mji wa Pittsburgh, Pennsylvania, ulipata mambo mawili ndani ya siku 13. Tarehe 17, katika uwanja wa Forbes Field, kijana wa miaka 20 kutoka Carolina, Puerto Rico, alicheza mechi yake ya kwanza ya ligi kuu ya besiboli akiwa na jezi ya Pittsburgh Pirates. Jina lake Roberto Clemente. Waliokuwa upande wa pili siku hiyo ni Brooklyn Dodgers, klabu iliyomsajili kabla, ikamficha katika timu yake ya chini, kisha ikampoteza pale Pirates walipomchukua kwa dola 4,000. Tarehe 30 ikazinduliwa, jirani na uwanja huohuo, sanamu ya shaba ya Honus Wagner, mzee wa miaka 81, mtoto wa mchimba makaa ya mawe, aliyeanza kuichezea Pirates mwaka 1900. Wagner aliiona sanamu yake akiwa hai. Desemba mwaka huohuo akafariki.

Kila ubishi juu ya mchezaji anayeiwakilisha historia ya klabu hii, ukiacha majina ya pembeni, huishia kwa watu hao wawili, na makala hii inasimama upande wa Clemente. Lakini sababu zinazotolewa mara kwa mara kumtetea, yaani kifo chake na yale mapigo 3,000, si ndizo zenye nguvu. Zipo nyingine zinazoihusu klabu yenyewe kuliko zinavyomhusu yeye, na hizo hazisemwi vya kutosha.

Tuanze na neno. Kuwakilisha kunatokana na wakili. Wakili hasimami mbele ya hakimu kwa kuwa ana sauti nzuri kuliko watu wote mjini. Anasimama kwa kuwa kuna mtu amempa shauri lake alibebe. Hajiteui. Na akishalibeba hana ruhusa ya kusema sehemu tamu za shauri na kuzimeza zile chungu. Mijadala mingi ya wanamichezo hupotelea hapo: inauliza nani anawakilisha, halafu inajibu kana kwamba imeulizwa nani bora. Hayo ni maswali mawili. La pili linajibika kwa daftari la takwimu. La kwanza linahitaji kwanza tujue shauri lenyewe ni lipi.

Kishawishi cha daftari ni kikubwa, kwa sababu besiboli huandika kila kitu. Na daftari la Wagner linatisha. Aliongoza ligi ya taifa kwa wastani wa mapigo mara nane. Aliiba vituo 723 katika maisha yake ya uchezaji, idadi ambayo ingemtosha mtu asiye na sifa nyingine yoyote. Alicheza nafasi ngumu kuliko zote za ulinzi wa ndani, kati ya kituo cha pili na cha tatu, akiwa na miguu ya matege, mabega mapana na viganja ambavyo watu wa zamani walisema viliokota mpira pamoja na kokoto zake. Mwaka 1909 Pirates waliwashinda Detroit Tigers ya Ty Cobb katika World Series, fainali ya ubingwa wa ligi kuu, mechi nne kwa tatu, na aliyetamba si Cobb bali Wagner. Jumba la Mashujaa wa Besiboli la Cooperstown lilipochagua watu wake watano wa kwanza mwaka 1936, Wagner alikuwamo pamoja na Cobb huyohuyo na Babe Ruth. Kuna wasomi wanaoamini hadi leo kwamba hajatokea mchezaji wa nafasi ile aliyemzidi, na mimi siwapingi.

Lakini hata daftari halimalizi ubishi. Wagner aliichezea Pirates mechi 2,433. Clemente aliichezea Pirates mechi 2,433. Si kosa la uchapaji, wamelingana kabisa. Katika mechi hizo Wagner alipata mapigo salama 2,967, Clemente 3,000. Wagner ana mengine aliyoyapata Louisville kabla klabu ile haijafutwa, na ukiyajumlisha anamwacha Clemente mbali. Ila swali letu ni la Pirates. Anayetaka kumaliza shauri hili kwa hesabu, basi, atajikuta mizani imetulia katikati.

Kuna wanaosema achana na wote wawili, mwakilishi ni Bill Mazeroski. Wana sababu. Tarehe 13 Oktoba 1960, mechi ya saba ya World Series dhidi ya New York Yankees, matokeo yakiwa 9-9 katika awamu ya tisa, Mazeroski aliupiga mpira ukavuka ukuta wa kushoto wa Forbes Field, na ubingwa ukaisha hapohapo. Hakuna mechi nyingine ya saba ya World Series iliyowahi kumalizwa kwa pigo la namna hiyo. Uwanja ulibomolewa zamani, lakini kipande cha ukuta wake kimesalia katika kitongoji cha Oakland, na kila tarehe 13 Oktoba mashabiki hukusanyika chini yake kusikiliza upya matangazo ya redio ya mchezo ule, toka mwanzo hadi pigo la mwisho. Naliheshimu sana jambo hilo. Hata hivyo sekunde moja, iwe nzuri namna gani, ni tukio. Historia ni mfululizo wa mambo yaliyolifanya tukio liwezekane.

Mfululizo wa mchana ule unatufundisha jambo. Awamu ya nane, Pirates wako nyuma 7-5, wawili wameshatolewa, Clemente anapiga mpira hafifu unaodundadunda kuelekea upande wa kituo cha kwanza. Ni pigo la aibu. Wachezaji wengi wangekimbia nusunusu, wakijua wametolewa. Clemente alikimbia kama mwizi anayefukuzwa. Mlinzi akaudaka mpira, akatafuta wa kumtupia: mrushaji wa Yankees, Jim Coates, alikuwa hajakimbilia kituo. Clemente akapita salama, mwenzake akaingia nyumbani, ikawa 7-6. Aliyefuata, Hal Smith, akautoa mpira nje ya ukuta na kuleta watatu, yeye na wenzake wawili. Bila ule mpira wa kudunda hakuna Smith, na bila Smith hakuna ukuta wa kukusanyikia kila Oktoba. Clemente alipata walau pigo moja salama katika kila mechi ya zile saba. Kura za mchezaji bora wa ligi mwaka huo zilipohesabiwa, mshindi alikuwa Dick Groat wa Pirates. Clemente alikuwa wa nane. Jambo hilo lilimkaa moyoni muda mrefu.

Hapo ndipo shauri lenyewe linaanza kuonekana. Kwa nini mtu wa namna ile awe wa nane?

Jibu halieleweki bila jina la mtu ambaye hakuichezea Pirates hata dakika moja. Josh Gibson alizaliwa Georgia mwaka 1911, akaletwa Pittsburgh akiwa kijana kwa sababu baba yake alipata kazi katika viwanda vya chuma. Alikua mdakaji na mpigaji wa kutisha wa Pittsburgh Crawfords na Homestead Grays, timu za ligi za weusi, maana ligi kuu ilikuwa imewafungia weusi mlango. Grays waliutumia Forbes Field pale Pirates wanapokuwa safarini. Msomaji aliweke hilo akilini: uwanja uleule, nyasi zilezile, mji uleule, na Pirates ya miaka ile haikutwaa ubingwa hata mmoja. Mpigaji aliyekuwa akiwakosesha usingizi warushaji wote alikuwa akiishi mjini mwao. Hawakumsajili. Wagner, aliyerudi kuwa kocha wa Pirates kuanzia 1933 hadi 1951, alikuwa ndani ya nyumba hiyo miaka yote hiyo. Gibson alifariki Januari 1947 akiwa na miaka 35, miezi mitatu kabla Jackie Robinson, mweusi aliyeufungua mlango ule, hajaingia uwanjani Brooklyn, na kaburi lake likakaa miaka mingi bila jiwe la jina. Pirates walimchezesha mchezaji wao wa kwanza mweusi, Curt Roberts, mwaka 1954.

Mwaka 2024 ligi kuu iliziingiza rasmi takwimu za ligi za weusi katika kumbukumbu zake, na jina la Gibson likapanda juu ya la Ty Cobb kwa wastani wa mapigo wa maisha, .372. Je, si yeye basi anayepaswa kuiwakilisha Pittsburgh? Pittsburgh ndiyo, mji. Pirates hapana. Gibson hawezi kuwa wakili wa klabu iliyomfungia mlango. Katika shauri hili yeye ni mdai. Na klabu yenyewe haikujua imweke wapi: mwaka 2006 sanamu yake ilisimamishwa ndani ya uwanja mpya wa PNC Park pamoja na za wenzake wa ligi za weusi, na mwaka 2015 zote zikaondolewa. Naandika sentensi hiyo kwa uchungu.

Basi shauri la Pirates ni hili: ni klabu ya mji wa wachimba makaa na wafua chuma, wa wahamiaji na watoto wao, iliyochukua miaka zaidi ya sabini kuamua ni nani hasa anaweza kuitwa wetu. Wagner anaisema nusu ya kwanza ya shauri hilo kwa ufasaha. Baba yake alikuwa Mjerumani aliyekuja kuchimba makaa. Wagner mwenyewe aliingia machimboni akiwa mtoto. Mji ulipomtazama ulijiona. Lakini nusu ya pili ya shauri hana namna ya kuisema, na si kwa kosa lake.

Clemente alikuja Pittsburgh akiwa mgeni mara mbili: mweusi, na msemaji wa Kihispania. Watangazaji na kampuni ya kadi za besiboli wakamwita Bob. Kadi zake za miaka mingi hadi 1969 zimechapwa "Bob Clemente", na yeye kila alipoulizwa alisema anaitwa Roberto. Waandishi wa magazeti walimnukuu kwa kuandika lafudhi yake herufi kwa herufi, makosa yote ya matamshi yakiwa yamekuzwa, kisha wakashangaa kwa nini hapendi kuzungumza nao. Aliposema mgongo unamuuma, na ulimuuma kweli tangu ajali ya gari, waliandika kwamba anajidekeza. Anayeandika Kiswahili kwa wasomaji wanaokisema kwa lafudhi ishirini hahitaji kuelezwa ubaya wa hila hiyo: unamwandika mtu sauti yake badala ya maneno yake, ili maneno yasisikike.

August Wilson, mwandishi wa tamthilia aliyezaliwa katika kitongoji cha weusi cha Hill District mjini humo, aliliona jambo hili mapema. Katika tamthilia yake Fences, inayoanza mwaka 1957, mhusika mkuu ni mzee aliyecheza ligi za weusi na kukosa bahati, na katika malalamiko yake wanatajwa wote wawili, Josh Gibson aliyefungiwa na Clemente asiyepewa nafasi ya kutosha. Wilson aliwaweka katika kinywa kimoja kwa sababu mtu wa Hill District aliwaona katika mstari mmoja. Hiyo ndiyo hoja yangu kubwa: Clemente ndiye mchezaji wa Pirates ambaye kupitia kwake unaweza kufika kwa Gibson. Kupitia kwa Wagner unafika mlangoni tu, unakuta umefungwa.

Mstari huo uliendelea. Martin Luther King alipouawa tarehe 4 Aprili 1968, Pirates walipangiwa kufungua msimu Houston siku moja kabla ya mazishi. Wachezaji weusi wa timu, Clemente akiwa mbele, walikataa. Wenzao wazungu wakaungana nao. Mechi ikasogezwa hadi mazishi yalipopita. Tarehe 1 Septemba 1971 kocha Danny Murtaugh alipanga kikosi cha kuanza cha watu tisa, na wote tisa walikuwa weusi, Wamarekani na watu wa Karibiani na Amerika ya Kilatini. Haikuwahi kutokea katika ligi kuu. Murtaugh alipoulizwa alijibu tu kwamba aliwapanga aliowaona bora siku ile. Katika orodha ile mpigaji wa tatu alikuwa Clemente, wa nne Willie Stargell.

Stargell ndiye jina pekee linalonifanya nisite. Misimu 21, yote Pirates. Mipira 475 iliyovuka kuta. Nahodha aliyewagawia wenzake nyota za kushonea kofia kila walipofanya vizuri, akaiongoza timu ya 1979 kutwaa ubingwa akiwa na miaka 39, wakati mji wenyewe ulikuwa karibu kuporomokewa na viwanda vyake vya chuma. Alifariki asubuhi ya tarehe 9 Aprili 2001, siku ileile PNC Park ilipofunguliwa kwa mechi yake ya kwanza ya ligi. Anayemchagua Stargell hakosei sana. Nitasema tu kwamba ile timu iliyoishi kama familia mwaka 1979, yeye akiwa baba yake, ilikuwa imeshaanza kujengwa, na aliyeanza kuijenga alilipa gharama ambayo Stargell, alipofika 1962, aliikuta imepungua.

Oktoba 1971 dunia ya besiboli ilimtazama Clemente kwa mechi saba mfululizo za World Series kwenye televisheni. Alikuwa na miaka 37. Pirates walifungwa mbili za mwanzo na Baltimore Orioles, mabingwa watetezi. Mechi ya pili waliangushwa vibaya, 11-3, na ni katika aibu hiyo ndipo lilipotokea jambo ambalo nimelitazama kwenye kanda zaidi ya mara ninazoweza kuhesabu. Mpira unapigwa juu kuelekea pembe ya kulia. Clemente anaukimbilia, anaudaka mwili ukiwa unaelekea ukutani, anazunguka duara zima bila kusimama, na mkono unautupa mpira hadi kituo cha tatu, mstari mnyoofu. Mkimbiaji aliyeondoka kituo cha pili akiwa hana wasiwasi anafika kwa kubahatisha. Hakuna pointi iliyookolewa, na mechi ilikuwa imeshapotea. Mtu hufanya hivyo pale tu anapoamini kwamba hakuna mpira mdogo.

Alimaliza fainali na wastani wa .414, mapigo zaidi ya manne kwa kila majaribio kumi, pigo salama katika kila mechi kama mwaka 1960, na mpira aliouvusha ukuta katika mechi ya saba waliyoshinda 2-1. Safari hii hakuna aliyeweza kumweka wa nane. Walipomletea kipaza sauti katika chumba cha kubadilishia nguo, kelele na mvinyo vikimwagika, aliomba kwanza aseme jambo kwa lugha yake. Kwa Kihispania, mbele ya Marekani nzima, akawatakia baraka watoto wake, na akawaomba wazazi wake kule Puerto Rico wambariki. Msomaji wa Kiswahili anaijua adabu hii kwa jina lake: aliomba radhi. Siku kubwa kuliko zote katika kazi yake, mwanamume wa miaka 37 anainamisha kichwa kwa wazazi wake katika lugha iliyochekwa magazetini kwa miaka 16. Hakutafsiri. Walioelewa walielewa, na wasioelewa, kwa mara ya kwanza, ndio walioachwa wageni.

Sasa hoja ya upande wa pili, ambayo ni nzito. Tarehe 30 Septemba 1972 Clemente alipata pigo lake la 3,000, na likawa la mwisho katika msimu wa kawaida. Desemba 23 tetemeko liliibomoa Managua, Nicaragua, mji aliokuwa ametoka kukaa wiki kadhaa mwezi uliotangulia akiwa na timu ya Puerto Rico. Alikusanya misaada, akapata habari kwamba iliyotangulia inaporwa na watu wa Somoza, mtawala wa nchi hiyo, akaamua aende mwenyewe, akiamini hawatathubutu akiwapo. Usiku wa Desemba 31 ndege ya zamani aina ya DC-7, iliyojazwa kupita uwezo wake, ilianguka baharini muda mfupi baada ya kupaa kutoka San Juan. Mwili wake haukupatikana. Cooperstown ikaondoa sharti la kungoja miaka mitano na kumwingiza 1973. Wapinzani wanasema: bila ndege ile leo tungekuwa tunazungumza habari za Wagner, mnamchagua shahidi, hamchagui mchezaji.

Kwamba kifo kile kiliharakisha heshima nyingi, ni kweli. Daraja la Sixth Street lenye jina lake, ukuta wa kulia wa PNC Park uliojengwa urefu wa futi 21 kwa ajili ya namba yake, tuzo ya ligi ya utu wema kupewa jina lake, vyote vilikuja baada. Ila yote niliyoyataja hapo juu, 1960, 1968, 1971, yalitokea akiwa hai, na hakuna hata moja linalohitaji bahari ili liwe na uzito. Zaidi ya hayo, turudi kwenye neno letu. Uwakili hutolewa na mwenye shauri. Waliompa Clemente shauri lao ni mji uleule ambao hapo awali ulimkata jina. Wagner alipendwa tangu siku ya kwanza. Hapakuwa na haja ya yeyote kubadilika ili ampende. Kumkubali Clemente kulimlazimu mtu wa Pittsburgh akubali kwamba aliwahi kukosea, na klabu ambayo imewahi kukubali hivyo ina historia ndefu kuliko orodha ya vikombe vyake vitano.

Hata Cooperstown ililazimika. Bamba lake la 1973 liliandikwa "Roberto Walker Clemente", mpangilio wa Kimarekani uliochukua ubini wa mama na kuufanya jina la katikati. Ilichukua hadi mwaka 2000 bamba lifuliwe upya, Roberto Clemente Walker, kama alivyoitwa kwao.

Wapo wanaodai namba 21 istaafishwe katika ligi nzima kama ilivyofanywa kwa 42 ya Robinson mwaka 1997. Ligi haijakubali. Tarehe 9 Septemba 2020, uwanja wa PNC Park ukiwa mtupu kwa sababu ya korona, Pirates wote walitoka na jezi yenye 21 mgongoni, mrushaji, mdakaji, walinzi, hata waliokaa benchi. Kwa saa chache ungetazama uwanja mzima usimpate mchezaji hata mmoja wa Pirates unayeweza kumtambua kwa namba.